Barua kwa mwanangu aliye Dodoma: mdogo wako na moto wa mlima

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo asubuhi nimeurudia nikiwa na miwani. Unaniuliza nimewezaje kumruhusu mdogo wako aandikishe jina ofisi ya kijiji, kwenye orodha ya vijana watakaoitwa kuzima moto Mlima Kilimanjaro ukiwaka tena, wakati mimi ndiye niliyekesha nikilia Oktoba ile ya 2020. Unasema kuna askari wa hifadhi, kuna Zimamoto, kuna jeshi, wote hao wanalipwa, sasa mtoto wa mjane anatafuta nini kule.

Nitakujibu. Ila wiki ile wewe ulikuwa hukohuko Dodoma, moto uliuona kwenye simu, na kwenye simu mlima ni mdogo. Kwa hiyo nivumilie kwanza.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 11. Tulikuwa tumetoka kanisani zamani, tumeshakula, na shangazi yako ndiye aliyesema mbona lile wingu limesimama. Mchana kilele cha Kibo hujifunika, unajua, hakuna anayeshtuka. Magharibi wingu likawa jekundu kwa chini. Moto ulikuwa umeanzia Whona, pale wapanda mlima wanapopumzika kwenye njia ya kambi za Mandara na Horombo, na usiku huo hata Moshi mjini waliuona. Upepo wa kwetu unaujua: mchana unapanda, usiku unashuka. Usiku ule ulitushushia moshi mpaka ndani, ng'ombe wakakataa kulala, bibi yako akataka tufungashe. Kulipokucha nikatoka kukata majani ya migomba, nikakuta juu yake majivu meupe, nyuzinyuzi, yamelala yakiwa bado na umbo lake. Nilipoyagusa yakapotea. Yalikuwa zile ndevu zinazoning'inia kwenye miti ya juu kabisa, mlizokuwa mkizivaa utotoni mkiigiza wazee.

Zile ndevu ndizo zilizoniliza. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu na hili nimewaimbia wanafunzi na ninyi nyumbani mpaka mkachoka: maji yetu hayatoki kwenye theluji, yanatoka kwenye msitu. Wageni wanakuja kupiga picha theluji kabla haijaisha, na magazeti yanailia, lakini kinachoyeyuka kule ni kidogo sana ukilinganisha na mvua inayodakwa na msitu. Na kule juu kabisa, miti ile yenye ndevu inakamua ukungu. Hata siku isiyo na mvua, chini yake kunadondoka. Ikiungua, panaota vichaka vifupi, navyo ukungu vinauacha upite zake. Watafiti waliopima wanasema kwa miongo mitatu hivi, kuanzia miaka ya 1970, mlima ulishapoteza kwa moto kilomita za mraba 150 za msitu huo wa mawingu. Halafu 2020 zikaungua nyingine zaidi ya 90, ingawa sehemu kubwa ilikuwa vichaka na nyasi. Marehemu baba yako alipokuwa akiitwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, mfereji wetu wa maji, alikuwa akilalamika kila mwaka kwamba maji yamepungua na kulaumu watu wa juu wanayaiba. Nilikuwa namwambia, Baba fulani, wizi uko juu zaidi ya hapo.

Turudi kwenye wiki ile. Jumatatu zikaanza habari kwamba huenda ni wagumu, wapagazi wa mlimani, waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Unajua hiyo ilinikaa vipi, maana mjomba wako kapandisha mizigo ya watu Horombo na Kibo mpaka magoti yakaisha. Sokoni mtu akasema mbele yangu, "Hawa wagumu wametuchomea mlima." Sikumjibu. Mwaka ule wa korona wageni walikuwa wa kuhesabu, wagumu wengi walikuwa nyumbani hawana hata mia. Na ndio hao hao waliopanda kuzima. Wao, waongoza wageni, askari, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na vijana wa vijiji vya kuzunguka, zaidi ya watu 500. Mdogo wako alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha sita. Hakuniomba ruhusa. Alichukua panga na lile bomba la kupulizia dawa ya kahawa, akavaa koti la marehemu, akasema, "Mama, narudi."

Kina mama wa usharika tukaanza kupika. Ndizi, makande, chai ya tangawizi kwenye madumu, tukavipeleka getini kwa gari la mzee wa kanisa. Hapo ndipo penye jambo ambalo sijawahi kukuandikia.

Kabla ya hapo, mwaka uleule, shangazi yako alikutwa msituni na mzigo wa kuni kavu. Kavu, mwanangu, za kuokota. Kijana mmoja mwenye sare alimnyang'anya panga, akamwagisha kuni, akamtembeza mbele yake mpaka barabarani mchana kweupe, mwanamke wa miaka ile, watu wakitazama. Babu yako alikuwa akituelezea ile nusu maili, ukanda wa msitu walioauacha Waingereza mwaka 1941 kwa ajili ya wananchi, wapate kuni na majani ya ng'ombe, akizungumzia kama shamba la baba yake. Tangu msitu wote uingizwe hifadhini, 2005, mama akiingia kuokota kuni anaingia kama mwizi.

Sasa Jumanne ile, getini, nani anatujia? Kijana yuleyule. Uso umejaa masizi, nyusi zimeungua upande mmoja. Anatuamkia, "Shikamooni mama zangu," halafu anauliza, "Hamna panga za ziada? Zetu hazitoshi."

Panga, mwanangu.

Shangazi yako alikuwa ameshika upawa. Nikamwona anamtambua. Nilitamani aseme, na mimi nilikuwa nimeshaandaa la kwangu. Yeye akajaza sahani ya ndizi, akampa, akasema, "Kula kwanza. Panga ninalo nyumbani, lile jingine unalo wewe." Kijana aliinama, akala amesimama, na baadaye niliambiwa alipanda tena usiku uleule. Mpaka leo sijui niliweke wapi jambo hili. Sijamsamehe. Na kama angeteremshwa kwenye machela ningemlilia kama wa kwangu.

Mdogo wako alirudi Ijumaa, sauti imekwisha. Alinieleza kwamba kule maji hayana kazi kubwa, kwanza hayapo, bomba la kahawa linakwisha kabla hujageuka. Wanachofanya ni kufyeka njia mbele ya moto, kukwangua mpaka kwenye udongo, ili ukifika ukose cha kula. Unaosogea wanaupiga kwa matawi mabichi. Vile vichaka vya juu vina mafuta kwenye majani, vinawaka hata vikiwa vibichi. Na ukidhani umeuzima, umeingia chini, kwenye mboji na mizizi, unatembea humo kimya, kesho unatokea nyuma yako. Kwa hiyo mtu lazima alale palepale, anapapasa ardhi kwa kiganja kama mama anavyompima mtoto homa, penye joto anachimba. Usiku baridi ya kule unaijua. Mgongo unaganda, uso unaungua. Soli za viatu vyake, zile raba, zilikuwa zimeyeyuka, zimeshika kokoto.

Ndiyo, nililia. Lakini usinichukulie kwamba nililia kwa sababu alienda. Nililia kwa sababu nilipomwosha miguu niliona ni mtoto.

Unaweza kuniambia, mama, hayo yote yanathibitisha ninachosema mimi. Na usiku mwingine nakubaliana nawe. Kwa nini mtu anayefukuzwa kwa kuni kavu ndiye aitwe kuzima? Kwa nini aende na panga la nyumbani na raba za mitumba? Nikifika hapo nasema, basi, waache wenye mlima wauzime mlima wao.

Halafu nakumbuka kwamba hata sisi si watakatifu. Walina asali wetu wanaingia na mienge ya kufukuzia nyuki, wanaiacha inafuka. Wapo wachoma mkaa, na kila mtu hapa anawajua na kuwasalimia. Na nakumbuka pia kwamba 2022, Oktoba tena, ulipowaka upande wa kambi ya Karanga, walipelekwa askari wa jeshi, na bado waliohitajika kuwaonyesha njia walikuwa wagumu. Mtu aliyeletwa na lori, hata awe na nguvu vipi, hajui korongo lipi linavuta upepo. Na akimaliza anapanda lori lake. Maji anayokunywa yeye hayatoki Mandara. Yetu yanatoka huko. Nimeshasema, hayatoki kwenye theluji, yanatoka kwenye msitu, na msitu ukiisha mdogo wako hatakuwa na kihamba, shamba la ukoo, cha kurithi, atakuwa na mawe na migomba iliyonyauka.

Kwa hiyo swali lako, kwa nini nimemruhusu, mimi nalisikia kama swali jingine: nani aende? Hilo nina jibu lake. Waende wengi, waliofundishwa, wenye viatu na chakula, na majina yao yaandikwe kabla ya moto wala si baada yake. Mwaka ule hakukuwa na orodha. Kijana angebaki korongoni tungejua kwa kuhesabu nani hajarudi kula. Hiyo orodha inayokuudhi, mimi ndiye niliyeenda na wazee kwa mwenyekiti kuidai. Jina la mdogo wako limo kwa hiari yake, na mengine arobaini na kitu.

Lakini kama ni sahihi yeye aende, huyu mmoja, mwenye mama mmoja na dada mmoja? Hapo unanitaka hukumu, na ninayo, iko mdomoni. Sitaitoa. Ni mtu mzima, na wewe pia, na nikisema neno mtalibeba mkagombane nalo. Ukija Desemba kaeni wawili, umuulize mwenyewe, usimuulize kupitia kwangu. Na ukimsikiliza, msikilize mpaka mwisho, maana wewe una kawaida ya kukata mtu.

Ukipita soko la Memorial pale Moshi kabla ya kupanda huku, tafuta viatu vya ngozi vya juu ya kifundo, namba 42, soli ngumu, isiwe raba. Pesa nitakurudishia. Na umletee bibi yako zile zabibu za Dodoma, ameziulizia mara mbili.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mama yako,
Marangu