Re: Hipnosisi kwa tumbo linalosumbua, ni salama?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: tumbo linanyonga na kujaa gesi mwaka wa pili sasa, vipimo safi, dawa hazijasaidia, umeshauriwa hipnosisi (tiba ya kuongozwa kwa maneno ukiwa umelegea), na unaogopa utalazwa usingizi uropoke siri zako.

Hulali. Mimi ni muuguzi huku Uingereza, wagonjwa wa tiba hii nawaona kazini, na wengi husikia hadi milango ikifungwa nje. Unaketi, unalegeza mwili, unaweka kiganja juu ya tumbo, na mtaalamu anakuongoza uhisi joto likipenya chini ya kiganja na utumbo ukitulia. Ukitaka kufumbua macho, unafumbua. Zoezi hili utalirudia mwenyewe nyumbani kila siku. Usizembee hapo.

Si uganga. Daktari Whorwell na wenzake wa Manchester waliijaribu kwa wagonjwa 30 wenye tumbo sugu la namna hii, wakachapisha matokeo mwaka 1984. Mwongozo wa NICE, taasisi ya hapa inayotoa miongozo ya matibabu, unairuhusu kufikiriwa dawa zikishindwa baada ya miezi 12.

Ila kwanza angalia: kuna damu chooni? Umepungua uzito bila sababu? Una upungufu wa damu? Hata kimoja kikiwepo, rudi kwa daktari kabla ya haya yote. Kama umewahi kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, mwambie mtaalamu mapema.

Halafu muulize huyo mtaalamu taaluma yake ya msingi. Akikuahidi kufukua kumbukumbu za utotoni, ondoka. Akili iliyolegezwa hutunga kumbukumbu za uongo kirahisi sana. Dawa zako usiziache bila daktari.