Usiskani Upya kwa Sababu Programu Imeonyesha Giza

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba slaidi za rangi za marehemu baba yake, alizoziskani kwa TIFF (aina ya faili ya picha) ya biti 16, zinakaribia kuwa nyeusi kwenye kompyuta ya kaka yake, na ameshauriwa aziskani upya kwa JPEG. Ninamsihi asithubutu, kwa kuwa ushauri wa namna hiyo uliwahi kuninyima kazi.

Ofisi moja iliniagiza niiskanie slaidi zilizokwisha kufifia. Niliwapelekea faili ghafi za biti 16 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na buluu), yaani ngazi 65,536 za mwanga badala ya 256 za JPEG ya kawaida. Programu yao ya kutazamia picha ilizionyesha zikiwa na giza, wakahitimisha kwamba zimeharibika, na kazi iliyobaki wakampa mtu mwingine bila hata kunipigia simu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana faili zilikuwa nzima. Faili ghafi huhifadhi mwanga kama skana ilivyoupima, kabla haujarekebishwa kwa ajili ya macho yetu, na programu isiyofanya marekebisho hayo huionyesha ikiwa na giza.

Tofauti kati ya biti 16 na 8 huonekana kwenye anga la picha. Slaidi iliyofifia hutumia sehemu ndogo tu ya ngazi hizo. Ukiikoleza katika biti 8, grafu ya mwanga hubaki na mapengo kama chanuo lililong'oka meno, na anga hukatika mistari mistari. Katika faili zangu ilitoka laini kabisa. Baadaye ofisi ile ilirudi kuziomba zilezile, nami niliwapa bila kubadilisha hata pikseli moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuilaumu skana, ichunguze programu. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ilianza kuhariri biti 16 katika toleo la 2.10 la mwaka 2018. Toleo la 2.8 huzishusha picha hizo hadi biti 8. ImageMagick, programu ya kuchakata picha kwa amri, katika muundo wake wa Q8 (wa biti 8) nayo huzishusha, ilhali wa Q16 huzihifadhi. Photoshop huzima baadhi ya vichujio vyake picha ikiwa ya biti 16, na wengi hushuka hadi 8 kwa ajili ya kichujio kimoja. Lifanye hilo kwenye nakala, kamwe si kwenye faili ya asili. Tazama pia ukubwa: TIFF isiyobanwa ya biti 16 ni takriban mara mbili ya ile ya biti 8, hivyo ukiihifadhi upya bila kuibana ikarudi nusu, programu hiyo imekata biti zako.