Gunia Lina Kilo Ngapi? Maswali Yenu Kuhusu Daftari la Taifa la Hewa Chafu

Barua za safari hii zinahusu kazi moja: kuandaa daftari la taifa la hewa chafu, yaani hesabu ya tani za chembe, oksidi za naitrojeni, salfa na nyinginezo zinazotoka nchini kwa mwaka, kisha kulilisha kwenye modeli ya hewa, yaani programu ya kompyuta inayokadiria uchafu huo unavyosambaa. Kanuni ni fupi. Chukua kiasi cha shughuli (kilo za kuni zilizoungua, lita za dizeli), zidisha kwa kizidisho (gramu za uchafu kwa kila kilo au lita). Kuzidisha anaweza mtoto wa darasa la nne. Kazi iko kwenye hizo namba mbili zinazozidishwa.

Wataalamu wetu, shikamooni. Nimepewa sehemu ya nishati ya majumbani. Utafiti wa kaya tulionao umeuliza "magunia mangapi ya mkaa kwa mwezi". Nigeuzeje kuwa tani, na nitumie kizidisho kipi? — Ofisa mazingira, Dodoma

Marahaba. Anza na mizani kabla ya kompyuta. Gunia si kipimo. Kuna gunia lililofungwa mdomo, kuna lumbesa yenye kilemba cha nyasi na kamba juu, na kuna viroba ambavyo muuzaji naye anaviita gunia. Nenda kwenye masoko matano au sita, upime magunia yasiyopungua 30 kila soko, ukiandika aina ya mfuko na kama mkaa umenyeshewa. Mkaa uliolowa unaongeza kilo za maji ambazo haziungui.

Tazama uzito wa jambo hili kwa namba za mfano. Kaya 240,000 zinatumia gunia 1 kwa mwezi, sawa na magunia 2,880,000 kwa mwaka. Ukidhani gunia ni kilo 30 unapata tani 86,400. Ukidhani ni kilo 55 unapata tani 158,400. Hujagusa kizidisho, na tayari daftari limepanda kwa asilimia 83. Kinga yake ni kugawa tena kwa kaya na kwa siku 365: jibu la kwanza ni kilo 0.99 kwa kaya kwa siku, la pili kilo 1.8. Waulize wapishi wa mtaani kipi kinaingia akilini kwa mji wako. Kisha uliza kama jiko la gesi limekaa pembeni ya lile la mkaa, maana kaya inayojibu "mkaa" mara nyingi inachemshia chai kwenye gesi na kuhifadhi mkaa kwa maharage.

Sasa kizidisho. Mwongozo wa Ulaya, EMEP/EEA, toleo la 2019, unatoa gramu 740 za PM2.5 (chembe laini, zisizozidi maikroni 2.5) kwa kila gigajuli (megajuli 1,000 za nishati) ya kuni na mabaki ya mimea kwa ngazi ya kwanza, iliyo rahisi kabisa, ya hesabu. Kwa kuni za megajuli 15.6 kwa kilo, thamani ya kawaida ya IPCC (jopo la kimataifa la tabianchi), hiyo ni gramu 11.5 kwa kilo. Wengi hulichukua hilo 740 na kulibandika kwenye mkaa pia. Mkaa una megajuli 29.5 kwa kilo, kwa hiyo unapata gramu 21.8 kwa kilo, karibu mara mbili ya kuni. Hapo hesabu imepinduka: jiko la mkaa linatoa chembe chache kuliko mafiga matatu, na sumu yake kubwa ni kaboni monoksaidi. Mkaa unahitaji kizidisho chake, kilichopimwa kwenye majiko ya mkaa.

Kwa kuni, angalia vitu viwili kwenye jedwali ulilokopa. Kwanza, ni kwa kilo ya kuni kavu kabisa au zilizokaushwa juani? Pili, chembe zilipimwa moshi ukiwa bado wa moto, au baada ya kupoa na kuchanganyika na hewa? Sehemu ya moshi wa kuni hugeuka chembe pale tu inapopoa. Kipimo cha moto huikosa, na modeli yako itaonyesha jikoni kusafi kuliko kulivyo.

Halafu kuna tanuri, ambalo madaftari mengi hulisahau kabisa. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa mkaa wa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa kuni. Kwa asilimia 15, zile tani 86,400 za mkaa zimekula tani 576,000 za kuni. Usizizidishe kwa kizidisho cha jiko la kuni, kwa sababu ndani ya tanuri kuni haziungui wazi, zinaivishwa kwa hewa kidogo, na moshi wake una methani, kaboni monoksaidi na mvuke wa kikaboni kwa wingi. Tumia kizidisho cha tanuri kwa kila kilo ya mkaa uliozalishwa. Hakikisha pia kwamba kuni hizo hazimo tayari kwenye jumla ya "kuni zilizotumika nchini" ya wizara inayohusika, la sivyo umezihesabu mara mbili.

Ukigawa moshi kwenye ramani ya modeli, wa tanuri uweke porini. Mkaa wa Dar es Salaam unatoka sana mikoa ya Pwani na Morogoro. Ukiugawa kwa idadi ya watu, moshi wa Kisarawe na Kilosa unahamia Kariakoo. Kwa ujumla, gawa mkaa wa kupikia kwa watu wa mijini, kuni kwa watu wa vijijini, na tanuri kwa misitu iliyo karibu na barabara zinazopitisha mkaa. Mwanga wa usiku unaoonwa na setilaiti usiutumie kwa hata kimoja kati ya hivyo. Unaonyesha umeme ulipo, na hapo ndipo kuni ni chache.

Lita za dizeli na petroli nilizozipata kwa kuhesabu magari hazilingani na lita zilizouzwa. Nishike ipi? — Mchumi wa uchukuzi, Nairobi

Shika zilizouzwa, lakini zisafishe kwanza. Toa mafuta ya kupitisha: bandari za Dar es Salaam na Mombasa zinashusha mafuta ya majirani wasio na bahari, na lita hizo hazichomwi nyumbani isipokuwa zile za malori yanayozisafirisha. Toa dizeli ya migodi, jenereta, treni, trekta na boti, uiweke kwenye kurasa zake. Kisha kumbuka uchakachuaji. Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, lengo lilikuwa kuzuia yasichanganywe kwenye dizeli. Kwa hiyo mauzo ya mafuta ya taa yakishuka usiseme moja kwa moja kwamba watu wamehama stovu. Baadhi ya lita hizo hazikuwahi kufika jikoni.

Upande wa magari, kosa karibu kila mara liko kwenye rejesta. Gari likisajiliwa huingia, likifa halitoki. Hesabu magari yanayopita barabarani kwa saa 12 kwenye vituo vichache, uandike aina na umri kwa kadiri namba za usajili zinavyoonyesha, upate uwiano wa yaliyo hai. Mfano wa kusawazisha: bodaboda 200,000, kila moja kilomita 80 kwa siku, siku 300, lita 2.5 kwa kilomita 100. Hiyo ni lita 600 kwa pikipiki kwa mwaka, lita milioni 120 kwa zote. Ukijumlisha na teksi, magari binafsi na jenereta ndogo ukavuka petroli iliyouzwa, punguza idadi au kilomita. Usiguse kizidisho ili hesabu ikae sawa. Hapo utakuwa umeficha kosa la rejesta ndani ya kemia.

Kizidisho cha gari la Yuro 4, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, kinachukulia kwamba masega ya kusafisha moshi yaliyo kwenye ekzosi ni mazima. Kenya inazuia kuingiza magari yenye umri unaozidi miaka 8, lakini umri wa kuingilia hausemi chochote kuhusu masega yaliyong'olewa na kuuzwa miaka mitatu baadaye. Kagua sampuli kwenye gereji. Sehemu ya magari yasiyo nayo ihamishie kwenye daraja la magari ya zamani, kabla ya viwango vya Yuro.

Salfa ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa inayoingia ndiyo inayotoka, na uzito huongezeka mara mbili inapoungana na oksijeni. Dizeli ya sehemu 50 kwa milioni, kiwango kilichoanza Afrika Mashariki Januari 2015, inatoa kilo 100 za salfa dioksaidi kwa kila tani 1,000. Ile ya sehemu 500 ilitoa tani nzima. Kwa hiyo usitumie kizidisho kimoja kwa miaka ya kabla na ya baada. Meli zilizoko gatini nazo zina mpaka wao: tangu 1 Januari 2020 mafuta yake yasizidi asilimia 0.50 ya salfa, kutoka 3.50.

Taka zinachomwa kila kona na hakuna takwimu. Niache wazi? — Bujumbura

Usiache. Watu mara kilo za taka kwa siku, mara sehemu isiyozolewa, mara sehemu inayoungua kweli. IPCC inapendekeza 0.6 kwa hiyo ya mwisho, kwa kuwa maganda mabichi na majivu hayaungui. Watu milioni 1, kilo 0.5 kwa siku, asilimia 40 isiyozolewa: tani 43,800 zinaungua. Kizidisho kinachotumika sana ni gramu 9.8 za PM2.5 kwa kilo, unapata takriban tani 429. Lakini hiyo nusu kilo ipime mwenyewe kwa kaya 50, wiki nzima, Jumapili ikiwemo.

Nimeendesha WRF-Chem, modeli ya hali ya hewa na kemia yake, kwa Dar es Salaam. Kilele cha asubuhi cha PM2.5 kinachelewa kwa saa tatu na kimo chake ni kifupi mno ukilinganisha na kipimo. NO2 (naitrojeni dioksaidi) nayo imezidi kwa kama nusu. Nimebadilisha mipangilio ya tabaka la hewa lililo karibu na ardhi mara tatu bila mafanikio. — Mwanafunzi wa uzamili

Rudisha mipangilio yako ya mwanzo. Fizikia haina kosa hapa. Saa tatu ndizo hasa tofauti ya saa za Afrika Mashariki na saa ya dunia, UTC, ambayo modeli huifuata. Moshi wa saa 1 asubuhi, yaani 07:00 kwetu, unapaswa kuandikwa 04:00. Ukiuandika 07:00, modeli inawasha majiko saa 4 asubuhi, jua limeshapanda, tabaka la hewa limeshanyanyuka, na moshi unatawanyika kwenye nafasi kubwa. Ndiyo maana kilele ni kifupi pia. Jioni nayo chakula chako cha usiku kinapikwa saa 4 usiku.

Kuna mtego mwingine ambao wenzetu wa Ulaya hawaujui. Dodoso likiuliza "mnawasha jiko saa ngapi", mama atajibu "saa moja", karani ataandika 1, na programu itasoma 01:00 usiku wa manane. Tafuta kwenye data yako kaya zinazopika saa 7 hadi saa 9 za usiku kwa saa zetu. Zikiwa nyingi, umeshamkamata mwizi. Kuanzia hapo karani aandike saa pamoja na "asubuhi", "mchana" au "usiku", na ubadilishaji ufanyike mara moja tu, ofisini.

NO2 sasa. Madaftari ya kitaifa huandika oksidi za naitrojeni kwa uzito wa NO2, hata kama nyingi hutoka zikiwa NO (naitrojeni monoksaidi). Ukigawa uzito huo kwa 30 (gramu za moli moja ya NO) badala ya 46 (za NO2) ili upate moli, kipimo cha wingi wa molekuli, unaongeza asilimia 53. Fanya hesabu kwa mkono kwa mraba mmoja wa ramani ya modeli: tani 1,000 kwa mwaka kwenye kilomita 10 kwa 10. Gramu bilioni 1 gawa kwa 46, gawa kwa kilomita za mraba 100, gawa kwa saa 8,760: moli 24.8 kwa kilomita ya mraba kwa saa, ambacho ndicho kipimo cha WRF-Chem kwa gesi. Kwa 30 ungepata 38.1. Baada ya hapo ndipo ugawe moli hizo, desturi ikiwa 90 kwa NO na 10 kwa NO2. Chembe kwenye modeli hiyo zina kipimo kingine, maikrogramu kwa mita ya mraba kwa sekunde, na kuchanganya viwili hivyo ni kosa la kila mwaka.

Mwisho, jumlisha faili nzima kurudi nyuma: kila mraba, mara eneo lake, mara saa za mwaka. Jibu lilingane na jumla uliyoanza nayo. Kwa mji wa pwani kama wako jumla hupungua kwa sababu programu hufuta miraba ambayo sehemu kubwa ni bahari, na Kigamboni ikaondoka nayo. Hamishia kiasi kilichofutwa kwenye miraba ya nchi kavu iliyo jirani.

Kifungu nisichokuwa na data niandike sifuri? — Ofisa takwimu, Mwanza

Hapana. Majedwali ya kimataifa yana alama: NO (hapa si ile gesi) ni shughuli ambayo haipo nchini, NE ni iliyopo lakini haijakadiriwa, IE ni iliyohesabiwa kwenye kifungu kingine. Ukiandika 0 kwenye kifungu cha boti za uvuvi, modeli itaamini kwamba Ziwa Victoria halina injini hata moja, na atakayelirithi daftari lako hatakuwa na sababu ya kurudi kukitazama.