Yaya anajibu: Juu ya nini napenda kubaki Luano na sisafiri?

SWALI: Jambo yaya. Juzi tulisindikiza dada yangu Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, anaenda Ulaya kusoma. Kwenye mizani valize ikapitisha kilo, mama akaifungua palepale chini, akatoa mfuko wa vinkubala, wale viwavi vya kula, na unga wa muhogo, watu wanatupita tu. Dada alipoingia ndani wote wakataka turudi, miye nikaomba tubaki. Nikakaa karibu saa mbili naangalia watu wenye sikuwajua, na roho ikatulia kabisa. Bwana yangu anasema ni tamaa ya Ulaya. Sina hiyo tamaa. Sasa ni nini? (Mama wa Kamalondo)

JIBU: Mudogo wangu, hapo bwana yako amekosea. Angalia nyumbani: ukikaa kwenye kiti dakika 10 tu, mtoto anataka chai, shemeji amefika, jirani anaomba chumvi. Luano umekaa saa mbili na hakuna mwenye alikutuma kitu, sababu pale kungoja ndiyo kazi yenyewe. Miye hiyo naipata hata Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, pamoja na vumbi na malori yote yale, nimeshagongewa muhuri wa kutoka, upande wa Zambia bado, basi ile sehemu ya katikati natembea polepole makusudi kabisa, maana kwa zile dakika chache siko mgeni wala mwenyeji wa mtu.

Kuna Mfaransa mmoja, Marc Augé, mwaka 1992 aliandika kwamba viwanja vya ndege na barabara kubwa ni kama mahali pasipo mahali, hakuna ukoo wala historia, watu wanapita tu. Kwa ile raha yako namkubali. Kwa Luano hapana, hata kidogo. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilimshusha pale Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa, wamepigwa, na usiku uleule wakauawa. Kila nikifika pale nawakumbuka.

Halafu kuna yule Muirani, Mehran Karimi Nasseri, aliishi ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, toka 1988 mpaka 2006, mwanzoni sababu ya karatasi, analala kwenye benchi, vitu vyake pembeni. Miaka 18! Wewe saa mbili zako zilikuwa tamu sababu mlango wa nyuma yako ulikuwa wazi, ukisimama tu unapanda teksi unarudi Kamalondo.

Kwa hiyo usione haya, mama. Siku dada anarudi, fikeni saa nzima mbele ya ndege, wewe na bwana yako, simu ziingie mfukoni, na usimweleze kitu, mkae tu. Na ule mfuko wa vinkubala tafuta mtu mwenye anasafiri karibuni umpe, dada akianza kuzoea chakula cha kule ndiyo atavililia.