Mkunga wa Usiku Anajibu: Usingizi, Maziwa na Watoto

Nimekuwa mkunga wa zamu ya usiku hapa Kisumu tangu kifungua mimba wangu akiwa chekechea, na sasa yuko sekondari. Maswali ya wiki hii yametoka kwa watu wa usiku na jamaa zao.

Naipenda zamu ya usiku kuliko ya mchana. Mama mkwe anasema mama wa kweli hulala kwake. Je, nina kasoro? (Nesi wa wodi ya watoto, Nakuru)

Huna kasoro yoyote, mdogo wangu. Mchana wodini kuna raundi ya madaktari, wanafunzi, wageni na vyombo vyao vya chakula, simu zisizokoma. Ikifika saa nane usiku mnabaki wewe na mgonjwa. Ndipo mama anayejifungua mara ya kwanza anapokushika mkono na kukuambia hofu aliyoificha kutwa nzima. Nimepokea watoto wengi saa kumi alfajiri, na kile kilio cha kwanza hakijawahi kunizoea wala mimi kukizoea. Nikikisikia, uchovu wote wa mgongo unaisha.

Mama mkwe usishindane naye kwa maneno. Watoto wakitoka shule saa kumi jioni wanakukuta mlangoni, umelala ukaamka, una sikio la kuwasikiliza. Aone hilo kwa macho yake. Na kama yeye ndiye anayelala nao ukiwa zamu, mshukuru waziwazi, mbele ya watu, kwa sababu bila yeye huendi kokote.

Mke wangu akitoka naiti analala kwa saa 3 tu, kisha anaamka na hasira. Nimsaidieje? (Mume, Kakamega)

Ahsante kwa kuuliza, ndugu yangu. Hiyo hasira ni usingizi uliokatwa. Mwili una saa yake, nayo hufuata mwanga: jua la asubuhi likimpiga machoni njiani, ubongo unaambiwa siku imeanza, na melatonini, homoni inayoleta usingizi, inashuka. Basi avae miwani ya jua akirudi. Dirishani weka pazia zito. Langu nililishonea kitambaa cheusi upande wa nyuma. Kama nyumba ni ya mabati isiyo na dari, kufikia saa sita chumba kinakuwa tanuri, kwa hiyo akishaoga na kunywa uji alale papo hapo, asiguse nguo za kufua.

Lililo gumu zaidi ni watu. Jirani akijua yuko nyumbani anadhani yuko huru. Mama mboga anabisha, wa chama anapiga simu, mtoto anatafuta soksi. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Simu yake izimwe sauti, anayemtaka akutafute wewe. Sisi tulifunga utepe mwekundu kwenye kitasa cha chumba, na hata mtoto wa miaka mitatu alijua kwamba utepe ukiwepo, mama haamshwi. Ukiwa kazini, mtu mzima mwingine akabidhiwe ulinzi huo. Akikosa usingizi wa saa 7 kwa mkupuo, augawe: saa 5 za usingizi asubuhi na saa 2 nyingine kabla ya kutoka jioni.

Mtoto wangu ana miezi mitatu na nusu na likizo imeisha. Maziwa nitayafanyaje? (Mama, Kisumu)

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Pengo hilo umeachiwa uzibe mwenyewe, ila hujaachwa mikono mitupu: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia. Dai chumba hicho. Hospitali moja niliyofanya kazi zamani haikuwa nacho, nikawa nakamua ndani ya stoo ya shuka, kikombe kikitetemeka mkononi kwa kuogopa kuitwa. Sitaki uyapitie hayo.

Kamua kila baada ya saa 3 hivi, na usiruke za usiku, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu wakati huo. Mezani maziwa hukaa saa 4, lakini joto la Kisumu silo la kuaminiwa. Yatie kwenye friji, ambamo hukaa siku 4, au kwenye kikasha chenye barafu. Nyumbani yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, si jikoni juu ya moto, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo.

Kahawa ngapi kwa usiku? (Eldoret)

Kikombe zamu inapoanza, kingine kabla ya saa nane usiku, basi. Saa 5 hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini, ile inayofukuza usingizi, ingali mwilini.

Narudi asubuhi kwa pikipiki yangu, wakati mwingine nasinzia. (Bungoma)

Iache hospitalini, panda matatu. Niliwahi kusinzia nikapitiliza steji ya Nyamasaria, nikazinduka Ahero. Nilikuwa abiria, ndiyo maana leo ninakuandikia.

Niombe usiku wa kudumu? (Nakuru)

Hapana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku kati ya mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na 2019 likarudia uamuzi huo. Naipenda kazi hii, na bado nachukua miezi ya mchana rosta ikiruhusu.

Mwanangu wa miaka sita hulia nikivaa yunifomu jioni. (Busia)

Wangu wa mwisho alikuwa hivyo. Usitoroke kwa mlango wa nyuma, muage. Jioni moja nilimpeleka ufukweni Dunga, giza likaingia, taa za wavuvi wa omena zikaanza kuwaka moja moja ziwani. Nikamwambia omena anayoipenda huvuliwa wakati yeye amelala, na watoto wengi huja duniani saa hizo hizo, lazima awepo wa kuwapokea. Akanyamaza. Kesho yake asubuhi alinisubiri mlangoni kabla sijavua viatu: “Umepata wangapi?” Nikamwambia wanne. Akainua vidole vinne, akavihesabu tena, kisha akachukua mkoba wake wa shule.