Soneti yangu inachechemea

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nimemwandikia mchumba wangu soneti, nami nitamsomea Jumamosi pale ufukweni Dunga tulipokutana. Ina mishororo 14, mizani (silabi) 10 kila mshororo kama za Shakespeare, na nimetia vina vya kati. Lakini nikiisoma kwa sauti inachechemea. Nimekutumia yote; inaanza hivi: “Mpenzi wangu, nuru ya macho.” Kosa liko wapi?

Jibu: Kijana wangu, hesabu yako ni sahihi. Hata ile “m” ya “mpenzi” umeipa mizani yake, jambo ambalo wengi husahau. Shida ni hiyo 10 yenyewe. Mshororo wa Kiingereza huenda silabi hafifu, silabi nzito, mara tano, na ya 10 ndiyo hupigwa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Gonga meza ukisoma: m-PE-nzi WA-ngu NU-ru, mkono unakwenda vizuri, kisha kwenye “macho” pigo linaangukia ya 9. Hapo ndipo mguu unapoteguka.

Wafuate Waitaliano. Soneti ilizaliwa kwao, kisiwani Sicilia, karne ya 13, kisha mshairi Petrarca akaipa umaarufu. Mshororo wao una silabi 11, mkazo wa mwisho ukiwa kwenye ya 10. Nilipolitambua hilo, nikiwa mwalimu kijana, nilifurahi siku nzima. Ni kama mshororo huo ulishonewa Kiswahili. Badili neno moja tu: “Mpenzi wangu, nuru ya maisha.” Gonga tena, usikie.

Vina vya kati viondoe. Ukwapi na utao, yaani nusu mbili za mshororo, hupendeza kwenye mizani 16. Mizani 11 ni michache mno kukatwa katikati. Vya mwisho vipishane katika mafungu matatu ya mishororo minne, kisha miwili ya kufungia ifanane. Kina chetu ni silabi ya mwisho, lakini katika soneti ishike pamoja na irabu inayokazwa kabla yake:

Ningoje Dunga jua likitua,
lililo kifuani utajua.

Tena, baada ya mshororo wa 8 wazo ligeuke. Wewe unamsifu tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwambie unachoogopa, au unachomwomba.

Ule mshororo wa kivuli chake juu ya maji, ongeza silabi moja, kisha usiuguse tena.