Dagaa mchangani: anza na mmoja

Dada, umeuliza utawafanyaje wenzako wa mwaloni hapa Mwanza waache kuanika dagaa mchangani. Kuhubiri hakusaidii. Mimi nilihubiri, nikaishia kubatizwa "Bwana Afya" (jina lenyewe halijanitoka hadi leo). Baadaye nilijenga kichanja changu cha miti na wavu mkuukuu, nikanyamaza. Hewa ikipita juu na chini dagaa hukauka haraka, na wasio na mchanga mnunuzi anawaona mwenyewe. Kisha nikamfuata mama mmoja tu, yule ambaye wengine humtazama anafanya nini, nikamwazima nafasi kichanjani. Ila usimsahihishe mtu mbele ya wateja wake, hapo umempoteza. Wiki ya pili yule mama aliniuliza mwenyewe wavu niliupata wapi.